Kompyuta mpya, na picha za miaka yangu ya reli zote zinasema "1 Januari 2005". Nianzie wapi?

StesheniMasta_Mstaafu (Kigoma)

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mstaafu wa reli, nipo Gungu, Kigoma. Nimekuwa stesheni masta Uvinza, Nguruka, Kaliua na Usoke, na miaka ya mwisho nilikuwa Tabora. Swali langu ni refu, mwenye haraka apite salama.

Binti yangu wa Mwanza amenitumia kompyuta mpakato mpya, Windows 11, diski GB 256, haina hata mlango wa CD. Maelekezo aliyonipa ni haya: "Baba, washa tu, itakuuliza maswali, wewe jibu." Kweli imeuliza. Imetaka intaneti kabla hatujasalimiana, ikataka barua pepe, ikataka namba ya siri, kisha ikataka kuuona uso wangu. Niliajiriwa reli kwa maswali machache kuliko hayo. Nimeifunika, ipo kabatini.

Kilichonifanya niitake ni picha. Mwaka 2006 nilinunua kamera ndogo ya kidijitali, megapikseli 5, ya kutumia betri mbili za AA, nikawa nayo kila stesheni niliyohamishiwa. Sikuwa mpiga picha wa harusi. Nilikuwa napiga treni inaingia, abiria wa Mpanda wakishuka Kaliua na mabegi kichwani, magunia ya chumvi Uvinza, akina mama wa maembe na asali wakigombania dirisha, wanangu na sare zao za shule wamekaa kwenye benchi la stesheni.

Sasa picha hizo zimetawanyika. Nyingine zimo kwenye sipiyu ya zamani ya Windows XP ambayo ukiiwasha inalia tu, tii, tii, kioo cheusi. Nyingine zipo kwenye CD ambazo kijana mmoja wa steshenari Tabora alikuwa akinichomea. Kuna kadi za memori. Kuna flashi ambayo ukiichomeka kila folda ina kimshale, ukibonyeza hupati kitu. Halafu kuna simu. Humo WhatsApp imejaa picha zangu hizi hizi: nilimtumia mtoto, mtoto akatuma kwenye kundi la ukoo, ukoo ukanirudishia mimi kwa sikukuu.

Linaloniuma zaidi ni tarehe. Kamera ile ikikaa bila betri, saa yake inarudi 1 Januari 2005, saa sita mchana. Betri za dukani zilikuwa hazidumu, na kila aliyebadilisha, awe mwanangu au msaidizi wangu kazini, aliruka swali la saa akaendelea kupiga. Kwa mujibu wa picha hizi, binti yangu alimaliza darasa la saba, akaenda sekondari na akaolewa, vyote ndani ya Januari 2005. Mwaka ambao mimi kamera sikuwa nayo!

Mtanielewa. Kwenye kazi yangu treni ikipita stesheni bila kuandikwa saa, kuna mtu anaitwa kujieleza. Siwezi kuwaachia wajukuu rundo la picha lisilo na saa wala siku.

Kwa hiyo naomba kujua nianze na kompyuta au nianze na picha. Pili, tarehe za kweli zinarudi? Tatu, binti anasema nifute zenye ukungu na zinazofanana, nibaki na nzuri. Hilo sijalikubali bado, nataka kusikia wengine. Bando langu ni la wiki, si kubwa.

---

kijana_wa_Bangwe

Mzee, pakia zote Google Photos, itazipanga yenyewe. Kazi imekwisha.

---

FundiMwanga

Shikamoo mzee. Kijana wa Bangwe hajasoma swali. Google Photos inapanga picha kwa tarehe iliyoandikwa ndani ya faili, na hiyo ndiyo mbovu. Utakwenda kuiona Januari 2005 hiyo hiyo, ila mtandaoni. Pia zile enzi za kupakia bila kikomo ziliisha 1 Juni 2021, sasa ni GB 15 za bure, na ndani yake unagawana na barua pepe. Bando la wiki halitafika popote.

Anza na kompyuta, lakini usiimalize. Ifikishe mahali pa kupokea picha, basi, mengine yatasubiri.

Barua pepe utaipa, kwa sababu Windows 11 ya sasa imetengenezwa hivyo. Iandike kwenye daftari, na nenosiri lake pembeni, daftari lifungiwe. Hili nalisisitiza kwa sababu kompyuta nyingi mpya zinafunga diski kwa ufunguo maalumu, na ufunguo huo unatunzwa kwenye akaunti ile. Siku mashine ikigoma na barua pepe umeisahau, hata mimi fundi sikusaidii. Uso unaweza kukataa, kuna sehemu ya kuruka. Namba ya siri weka, hiyo inakaa ndani ya kompyuta yako tu.

Ukishaingia, kabla ya jambo lolote, nenda kwenye mipangilio ya mtandao uiambie kwamba intaneti yako ni ya kupimiwa (metered). Hapo haitashusha masasisho makubwa kwa bando lako. Kisha angalia saa. Kwenye orodha ya majira Dar es Salaam hutaiona, chagua Nairobi, saa ni moja. Wewe najua utaangalia.

Halafu OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Inapenda kuchukua folda za Picha, Nyaraka na ile ya mezani na kuzipeleka mtandaoni, na nafasi ya bure huko ni GB 5 tu. Izime hiyo sehemu ya kuhifadhi folda, kisha tengeneza folda yako moja kwa moja kwenye diski, iite C:\PICHA. Ndani yake weka ASILI. Kila kitakachoingia ASILI hakiguswi tena. Hakifutwi wala hakibadilishwi jina. Ukitaka kuchezea, chezea nakala.

Sipiyu: huna haja ya kuifufua. Ule mlio mara nyingi ni RAM, yaani kumbukumbu ya ndani ya mashine, imeshika vumbi. Ukitaka kujaribu, chomoa umeme, itoe, futa meno yake ya shaba kwa raba ya penseli, rudisha. Lakini mimi ningetoa diski yenyewe na kuiunga kwa waya wa USB kwenye kompyuta mpya. Angalia tu mdomo wake: ukiwa mpana wenye pini nyingi ndogo ni IDE, ukiwa mwembamba kama ulimi ni SATA, na adapta zake si moja. Nina zote mbili dukani. Ukifungua folda ya jina lako la zamani itasema huna ruhusa, bonyeza kuendelea, subiri.

Flashi: usibonyeze vile vimshale kabisa. Picha zipo, virusi vimezificha. Ichunguze kwanza kwa kinga ya virusi ya Windows, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitarudi. Nakili picha tu, usinakili kingine chochote kisichokuwa picha au video.

CD zifanye mapema, zile za kuchomwa huchakaa hata zikiwa kabatini. Na kila mahali ni kunakili, mzee, si kuhamisha. Ukimaliza chanzo kimoja, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili.

Tarehe nitarudi jioni, kuna mteja.

---

MtotoWaReli_Isevya

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni wa Tabora, Isevya, nimekulia kota za reli. Babangu alikuwa karakana. Picha unazozisema hizo wengine tungetoa pesa kuziona.

Usitafute tarehe kwenye kamera, itafute kwenye behewa. Shirika lilikuwa TRC, Shirika la Reli Tanzania. Oktoba 2007 lilipokabidhiwa kwa wabia wa kampuni ya RITES kutoka India likawa TRL (Tanzania Railways Limited). Serikali ililirudisha, na kwa sheria ya 2017 likawa TRC tena. Kwa hiyo picha yenye TRL ubavuni haiwezi kuwa ya kabla ya mwishoni mwa 2007. Kinyume chake si kweli, maana rangi ya zamani ilikaa muda mrefu kwenye mabehewa mengi, utaona TRC chakavu hata 2010.

Kuna mafuriko ya Kilosa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, reli ilipokatika. Ukiona picha ya stesheni imejaa watu wamelala na mizigo na hakuna treni, anza kuangalia hapo. Treni ya Deluxe nayo ilianza 2015, kwa hiyo mabehewa yale yakionekana umeshapata mpaka. Ukutani tazama mabango ya kampeni: 2005, 2010, 2015. Sura za wagombea hazidanganyi.

Na lile la kufuta zenye ukungu, mwambie dada yetu asubiri. Picha mbaya ya mtu inaweza kuwa na injini nzuri nyuma yake.

---

FundiMwanga

Nimerudi. Mzee, aliyosema Isevya ndiyo nusu ya kazi. Nusu nyingine ni hii.

Usiangalie tarehe, angalia namba za mafaili. Kamera nyingi zikipoteza saa hazipotezi hesabu: picha iliyofuata 0412 ni 0413, hata kama saa imerudi nyuma. Panga kwa jina, shuka taratibu. Kila unapoona tarehe imeruka ghafla kurudi 1 Januari 2005 saa sita, hapo betri zilibadilishwa. Hilo ni kundi jipya. Yaweke makundi kwenye folda zake, KUNDI01, KUNDI02 na kuendelea. Ukikuta namba nazo zimeanza upya kutoka 0001, huenda ilikuwa kadi nyingine, usizichanganye.

Ndani ya kundi moja saa ya kamera ilikuwa inatembea vizuri, ila ilianzia pasipo. Ni saa ya ukutani ya stesheni iliyochelewa: treni zote zimeandikwa vibaya, lakini zote kwa tofauti ile ile. Ukijua tarehe ya kweli ya picha moja tu kwenye kundi, umezijua zote. Picha inayosema 3 Januari ni ya siku mbili baada ya ile ya 1 Januari, iwe mwaka wowote.

Kusogeza tarehe za kundi zima kuna programu ya digiKam, ni ya bure na ina madirisha ya kubonyeza. Kuna pia ExifTool, hiyo ni ya kuandika amri. Mfano, picha inayosema 1 Januari 2005 nawe una uhakika ni ya 22 Desemba 2009, tofauti ni miaka 4, miezi 11, siku 21:

exiftool "-AllDates+=4:11:21 0:0:0" KUNDI07

Inaacha nakala ya zamani pembeni yenye neno original. Na haya yote fanya kwenye nakala, ASILI iache.

Picha za WhatsApp ni habari nyingine. Ile IMG-20190412-WA0003 inakuambia 12 Aprili 2019, lakini hiyo ni siku ilipopita WhatsApp, si siku iliyopigwa. Tarehe ya ndani ilishafutwa njiani na picha imepunguzwa. Kwa hiyo zile za ukoo kukurudishia hazikusaidii, labda ya kwako ya asili iwe imepotea. Siku hizi ukimtumia mtu picha unayotaka ifike nzima, itume kama waraka.

---

StesheniMasta_Mstaafu (Kigoma)

Marahaba wanangu wote. Nimesoma, nikasoma tena, nikaitoa mashine kabatini.

Fundi, hilo la saa ya ukutani umenipata. Kuna kitu ambacho sikuwaambia. Ninayo madaftari. Si vitabu vya stesheni, vile vilibaki ofisini, ni madaftari yangu ya zamu: nimeingia lini, nani kanipokea, treni ipi ilichelewa na kwa nini. Mke wangu alitaka kuyawashia jiko tulipohamia Gungu, nikayalalia. Mahali pengine nimeandika hadi nani alikuja kutusalimia.

Nimejaribu na kundi moja la Kaliua. Kuna picha ya garimoshi la mizigo limeanguka gurudumu moja nje ya reli, vijana wamezunguka na majeki. Ajali ile imo daftarini, siku na saa. Mbele yake kuna picha za kuku, za mchungaji, za mvua, ambazo nisingezijua mwezi wala mwaka, sasa zote nazijua. Mvua ile imo daftarini pia, niliandika tu "mvua kubwa, laini ya simu imekufa".

Kundi jingine limejipa jibu lenyewe. Watoto wa Tabora wamepanga mstari wanatazama jua kwa kioo cha mchomeleaji. Hiyo ni 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, sihitaji daftari. Kamera inasema ni 9 Januari 2005.

Isevya, babako alikuwa karakana miaka ipi? Nina picha za mafundi wa karakana ya Tabora siku ya kumuaga mwenzao. Majina nusu nimesahau. Sitaziweka humu bila idhini yao, nitakutumia pembeni.

Lililobaki ni hilo la nakala mbili mbili. Picha moja naiona kwenye sipiyu, kwenye CD na kwenye flashi. Hapo nafuta au nako mtanizuia?

---

MamaSteshenari_Ujiji

Mzee wangu shikamoo. Mimi nina duka la kuchapa na fotokopi hapa Ujiji, picha za watu zinapita mikononi mwangu kila siku.

Hapo unafuta, lakini mashine ndiyo ikuonyeshe, si macho. Kuna programu ya bure inaitwa dupeGuru. Inalinganisha yaliyomo ndani ya faili, ikisema haya mawili ni sawa basi ni sawa, hata kama majina yametofautiana. Futa moja kwa amani, kwenye folda ya kazi, ASILI ya Fundi usiifikie. Ila ina sehemu nyingine ya kutafuta picha zinazofanana tu. Hiyo ogopa. Itakuletea treni mbili zilizopigwa kwa kufuatana na kukuambia ni moja. Kati ya kubwa na ndogo za picha ile ile, baki na yenye pikseli nyingi.

Kuhusu majina uliyosahau, mimi nilifanya hivi kwa picha za marehemu baba. Nilizipunguza ukubwa, nikaweka kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, nikachomeka kwenye televisheni. Televisheni nyingi zinasoma JPEG, faili za kawaida za picha, zenyewe, huhitaji kompyuta sebuleni. Nikawaita shangazi na mama mkubwa, nikaweka simu mezani inarekodi sauti. Wewe usiulize "huyu nani", utanyamaziwa. Wacha picha ipite na chai iwepo. Mmoja atasema, "Si yule aliyekimbia deni la mawese!" Hapo majina yatakuja na ya ukoo mzima. Baadaye unasikiliza sauti unaandika.

Andika ndani ya picha yenyewe, digiKam ina sehemu ya maelezo, au jina la faili lianze na mwaka: 2009-12_Kaliua_ajali ya garimoshi. Ukianza na mwaka zinajipanga zenyewe. Usiandike "picha nzuri 1".

---

MtotoWaReli_Isevya

Mzee, baba alikuwa karakana mpaka alipostaafu 2012. Yupo, macho tu ndiyo yanasumbua. Hilo la televisheni tutalifanya huku. Nitumie kama waraka, tafadhali, si picha ya kawaida.

---

kijana_wa_Bangwe

Nimekubali nimekosolewa. Swali: kwa nini asibaki na diski moja ya nje tu? Nakala zote tatu nne za nini?

---

FundiMwanga

Kwa sababu unaishi Kigoma na unajua radi zetu. Nimeshaletewa kompyuta na diski ya nje vimekufa pamoja kwa sababu vilikuwa vimechomekwa pamoja. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu na kurudi sandukuni, moja iende Mwanza kwa binti. Akija likizo anaileta, mnaongeza mapya, anarudi nayo. Hakuna bando linalotumika.

Mzee, kadi za memori umezisoma? Kama kuna iliyogoma au iliyofutwa, usiipigie picha mpya na usikubali kompyuta ikikuambia iiandae upya (format). Ilete, kuna PhotoRec, programu ya kuokoa picha zilizofutwa, huwa inaokota. Majina ya mafaili yatapotea lakini tarehe ya ndani mara nyingi inabaki, ile mbovu yako, na makundi yatapangika.

---

StesheniMasta_Mstaafu (Kigoma)

Kadi moja imegoma, inasema hivyo hivyo, iandaliwe upya. Nimeikataa. Ni ya Usoke, najua kwa sababu niliiandika kwa kalamu ya wino.

Binti nimemweleza habari za ukungu. Amenyamaza, kisha akaomba ile aliyopigwa na mdogo wake siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, ambayo mkono umetikisika na kichwa chake kimekatwa. Anaikumbuka! Ipo KUNDI11, bado sijalipatia siku yake. Daftari la miezi ile silioni. Nyuma yao kuna bango la kampeni lakini limechanwa, limebaki kiatu na neno "kwa". Isevya, kiatu hicho nitakutumia nacho, umuulize mzee.

Fundi, kesho asubuhi nashuka Mwanga na kadi na ile diski. Mdomo wake ni mpana, pini nyingi.